Siku Sitini za Kibali: Nairobi Inavyojenga Mbele ya Sheria Yake

Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 inayosimamia mipango na matumizi ya ardhi ina kifungu kifupi ambacho mwenye kiwanja akishakijua hakisahau. Akiomba kibali cha kujenga, kisha kaunti ikakaa siku 60 bila kumpa jibu la maandishi, anahesabiwa kuwa amekubaliwa. Kimya cha ofisi kinakuwa kibali.

Nia ya kifungu hicho inaeleweka. Kinamkinga mwananchi asizungushwe, na afisa asiweke faili kwenye droo akingoja kitu kidogo. Hata hivyo, kinaonyesha jambo ambalo limetawala mjadala wa vibali vya ujenzi Nairobi kwa miaka mingi: mfumo unapimwa kwa haraka yake. Watu huuliza kibali kimechukua siku ngapi. Ni wachache wanaouliza kama jengo lililosimama ndilo lililochorwa, au kama jirani alijua linakuja.

Safari yenyewe, kwenye karatasi, imenyooka. Ramani hazipelekwi na mwenye ploti. Msanifu majengo aliyesajiliwa huchora, mhandisi wa miundo hupiga hesabu za nguzo, mihimili na slabu, na wataalamu hao ndio wanaoziingiza kwenye mfumo wa mtandaoni wa kaunti pamoja na hati ya kiwanja na uthibitisho kwamba kodi ya ardhi imelipwa. Kaunti hutakiwa kusambaza nakala ndani ya siku 7 kwa mamlaka nyingine zinazohusika, na zenyewe zina siku 14 za kutoa maoni. Anayetaka kugeuza nyumba ya familia moja kuwa maduka au ghorofa za kupangisha huongezewa hatua: tangazo gazetini na bango la taarifa kwenye kiwanja. Kibali kikishatoka, mradi husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, na kwa miradi mingi mamlaka ya mazingira, NEMA, nayo huwa na neno lake.

Wasanifu wa zamani wanakumbuka ilivyokuwa kabla ya mfumo wa mtandaoni: mabunda ya michoro kwapani, ngazi za City Hall, na faili ambalo kila meza lilidaiwa kuwa limekwenda meza nyingine. Mwaka 2011 halmashauri ya jiji ilianza kupokea maombi kwa njia ya kielektroniki, hatua iliyosifiwa, na ilistahili sifa. Mtaalamu aliweza kuona ombi lake limefika wapi bila kumbembeleza mtu.

Lakini mfumo wa kompyuta hauwi imara kuliko ofisi inayouendesha. Halmashauri iligeuka kuwa serikali ya kaunti mwaka 2013. Mwaka 2020 shughuli za mipango zilihamishiwa Nairobi Metropolitan Services, ofisi ya serikali ya kitaifa, chini ya Mohammed Badi, zikarejea kwa kaunti mwaka 2022 Gavana Johnson Sakaja alipoingia, na katika kipindi hicho mfumo wenyewe nao ukabadilishwa. Chama cha Wasanifu Majengo cha Kenya, AAK, kimelalamika hadharani zaidi ya mara moja kuhusu mfumo kuzimika na vikao vya kupitisha ramani kukwama. Hapo ndipo ile ahadi ya siku 60 inapopwaya. Siku hizo zianze kuhesabiwa lini, ikiwa ombi lenyewe halikuweza kuingizwa?

Kipimo cha haraka kilipewa nguvu na Benki ya Dunia. Ripoti yake ya Doing Business, iliyosimamishwa mwaka 2021 baada ya kasoro kugunduliwa kwenye takwimu zake, ilihesabu hatua, siku na gharama za kupata vibali, na Nairobi ndiyo iliyoiwakilisha Kenya. Jengo lililotumika kupimia lilikuwa bohari la orofa mbili lenye ukubwa wa mita za mraba 1,300.6. Mtu anayeishi Nairobi ataona tatizo mara moja. Fujo ya ujenzi jijini si ya mabohari. Ni ya nyumba za kupangisha zinazopanda ghorofa baada ya ghorofa kwenye viwanja vyembamba, na ya majumba marefu yanayoota pembeni mwa nyumba za bustani. Kenya ilipanda kwenye orodha hiyo hadi nafasi ya 56 mwaka 2020, huku matatizo hayo mawili yakibaki palepale.

Tuanze na majumba marefu. Kilimani na Kileleshwa zilikuwa mitaa ya nyumba moja moja zenye bustani, na mwongozo wa halmashauri ya jiji wa mwaka 2004 uliruhusu huko ghorofa nne. Leo anayepita Barabara ya Argwings Kodhek ataona majengo yanayozidi hapo mara tatu na zaidi, na mengi yana kibali. Yamewezekanaje? Sababu moja ni kwamba jiji limejenga kwa muda mrefu bila mpango unaofuatwa. Lilikuwa na mpango mkuu wa mwaka 1948, kisha mkakati wa 1973 uliofikia ukomo wake mwaka 2000, halafu pengo la miaka 14 hadi ulipokuja ule uitwao NIUPLAN, ulioandaliwa kwa msaada wa shirika la Japani, JICA. Mpango mkuu nao huhitaji kanuni za kila mtaa: ghorofa ngapi, nafasi gani kati ya jengo na jengo, bomba la majitaka la upana gani. Kanuni hizo zikichelewa au zikibishaniwa, afisa anaamua ombi kwa ombi, na anayeamua hivyo yuko wazi kwa kila shinikizo. Wakazi wa Rhapta Road, Westlands, walilazimika kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kubishania idadi ya ghorofa. Hilo ni swali ambalo ramani ya mtaa ingepaswa kulijibu kabla ya tofali la kwanza.

Jirani ndiye aliyesahaulika zaidi katika mfumo huu. Sheria inampa haki kubwa: mtu yeyote mwenye maslahi anaweza kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya usuluhishi ndani ya siku 14 tangu uamuzi utolewe, na asiporidhika aende mahakamani. Ila uamuzi huo hutokea kwenye akaunti ya msanifu. Jirani huujua siku trekta la kuchimba linapofika, na pengine siku zake 14 zimekwisha zamani. Mwenye kiwanja amepewa siku 60 na kimya kinamfaidi. Jirani ana siku 14, na kimya hichohicho kinampokonya haki. Katika sheria yote ya vibali, hakuna mizani iliyolemea upande mmoja kama hii.

Halafu kuna Nairobi ambayo haiombi kibali kabisa. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la kupangisha la ghorofa sita liliporomoka katika mtaa wa Huruma, karibu na mto. Watu wapatao 50 walikufa. Mamlaka zilisema jengo lilikuwa halijaidhinishwa, na lilikuwa limekwisha kuwekewa alama ya kubomolewa. Maana yake serikali ilikuwa imeliona. Mkaguzi alifika, alama ikapakwa ukutani, na wapangaji wakaendelea kulipa kodi, kwa kuwa chumba cha bei hiyo hakikuwako kwingine. Ukaguzi wa majengo ulioamriwa mwaka uliotangulia ulikuwa tayari umeonyesha kwamba hatari hiyo haikuwa ya jengo moja.

Kwa mitaa ya namna hiyo, kuharakisha mfumo wa mtandaoni hakusaidii. Mwenye ploti asiye na hati safi hawezi hata kufungua ombi. Ndiyo maana kilichofanyika katika mtaa wa mabanda wa Mukuru kinastahili kuangaliwa kwa makini. Mwaka 2017 kaunti iliitangaza Mukuru, yenye zaidi ya kaya 100,000 katika Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo maalumu la mipango. Ujenzi mpya ulizuiwa kwa miaka miwili, na wakazi, wakishirikiana na Muungano wa Wanavijiji (shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda), vyuo vikuu na mashirika, wakakaa pamoja kupanga barabara, maji, majitaka na makazi yao. Yalibaki mengi ya kutimizwa, lakini hapo wakazi walisikilizwa kabla ya ramani kuchorwa.

Jiji la watu 4,397,073, kwa sensa ya 2019, linahitaji vibali vya haraka, na msanifu ana haki ya jibu ndani ya siku 60. Lakini kaunti ingeweza kuanza na jambo jepesi kuliko kubadili mfumo tena: kuchapisha kila kibali siku kinapotoka, kwa jina la barabara, pamoja na idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa na tarehe ambayo rufaa inafungwa. Taarifa hizo tayari zimo kwenye kompyuta zake. Mkazi wa Kileleshwa angezijua siku zake 14 zikiwa bado mkononi, na mpangaji wa mtaa wa Pipeline angeweza kuhesabu ghorofa za jengo analotaka kuhamia, akazilinganisha na zilizoandikwa, kabla hajalipa kodi ya mwezi wa kwanza.