Hakimu wa Kilosa na kivuli cha Bwana Shauri

Mkulima wa Vidunda, wilayani Kilosa, mwenye kesi huamka jogoo la kwanza. Karatasi ya wito ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni, jasho lisije likafuta mhuri. Mteremko wa kushuka Kidodi huchosha magoti, na jioni atapanda tena. Anakwenda kutafuta mtu mmoja, hakimu asiyemwogopa yeyote.

Enzi za Mwingereza mtu huyo hakuwapo. Sheria ya 1929 iliziondoa mahakama za wenyeji chini ya Mahakama Kuu ikazikabidhi kwa watawala. Chifu aliyekudai kodi ndiye aliyekuhukumu. Rufaa ilikwenda kwa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza, ikapanda kwa mkuu wa jimbo, ikaishia kwa Gavana. Jaji hukumkuta popote njiani.

Uchifu ulifutwa 1963, na mahakama zote zikawekwa kwenye ngazi moja, kuanzia ya mwanzo hadi Mahakama Kuu. Leo Ibara ya 107B ya Katiba ya Tanzania inatamka kuwa mahakama ziko huru.

Ila Bwana Shauri hajaondoka kabisa. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya 2011, mwenyekiti wa kamati ya maadili ya mahakimu wa mahakama za mwanzo ni mkuu wa wilaya. Kweli, kamati haimfukuzi hakimu. Huchunguza malalamiko na kupeleka mapendekezo juu. Lakini mkuu huyohuyo ana mamlaka ya kumweka mtu ndani hadi saa 48. Tuseme aliyewekwa ndani ni mkulima wetu, kwa ugomvi wa shamba na wafugaji, kisha akafikishwa mahakamani. Hakimu atampa dhamana huku akijua faili lake mwenyewe linaweza kufunguliwa mezani kwa nani? Wapo wanaothubutu, nami nawaheshimu. Haki isingoje ushujaa wa mtu.

Ushujaa una gharama. Septemba 21, 1972, askari wa Idi Amin walimkamata Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka ndani ya Mahakama Kuu, Kampala, baada ya yeye kuamuru Mwingereza mmoja aachiwe. Hakurudi. Nairobi, Septemba 1, 2017, Jaji Mkuu David Maraga na wenzake walifuta uchaguzi wa rais. Rais akawaita wakora hadharani, lakini kura zikapigwa upya na Maraga akabaki kitini.

Kwetu, kiti cha kamati ya Kilosa akikalie jaji mstaafu. Mkulima akipanda mlima jioni ameshindwa, awaeleze wa nyumbani ushahidi uliomwangusha, asiwatajie mkubwa.