Mtoto wa Kasa Hufa Wapi?

Kasa jike wa kijani hutaga mayai yapatayo 100 au zaidi kwa mara moja, na katika msimu mmoja hurudi ufukweni mara kadhaa. Katika uhai wake mayai hayo hufika maelfu. Lakini ili kasa wasipungue wala wasiongezeke, inatosha wawili tu kati ya watoto wake wafikie umri wa kuzaa. Waliobaki wote hufa, wengi wakiwa wadogo mno. Katika fukwe kama za Msimbati, kusini mwa Tanzania, maji makuu yanaweza kufunika kiota kabla miezi miwili ya kuatamiwa na mchanga haijatimia. Kenge hufukua, mchanga uliopata joto kupita kiasi huua, na wanaotoka salama huwapita kaa na ndege, kisha samaki. Inasikitisha kutazama, ila kasa wamekuwa wakilipa ushuru huo tangu kale, na wingi wa mayai ndio malipo yenyewe.

Kifo kinachowamaliza kiko kwingine. Baada ya miaka kadhaa bahari kuu, kasa mwenye gamba la sentimita 40 hivi huja kulisha kwenye nyasi za bahari, zikiwemo zile za Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Hapo hukutana na wavu wa jarife, uliotegwa chini usiku kucha kwa ajili ya papa na taa. Kasa hupumua kwa mapafu, hivyo akinaswa hufa maji. Mwaka 1987 watafiti Crouse, Crowder na Caswell walionyesha kwa hesabu, wakitumia jamii nyingine ya kasa, kwamba kuokoa wakubwa wasiozaa bado hufaa kuliko kulinda mayai peke yake.

Basi mayai yaliwe? Hapana. Terengganu, Malaysia, mayai ya kasa wa ngozi yalivunwa karibu yote kwa miaka mingi, na kwa kuwa majike wazee waliendelea kurudi, hasara haikuonekana mpaka walipokwisha. Hoja ya mvuvi ni nzito zaidi: jarife ndilo riziki yake. Lakini kasa mkubwa huliharibu, na sheria imekataza kumvua. Kulikagua jarife asubuhi hakusaidii, maana anayehangaika nyavuni huishiwa pumzi mapema. Kulihamisha mbali na nyasi kunasaidia.