Mtoto Anachechemea, Lakini Hakuanguka

Katika vituo vya afya vya upande wetu, kutoka Butembo hadi Beni na kupanda mpaka Oicha, mama anafika na mtoto mgongoni na kusema neno moja: anaumwa mguu. Mwuguzi anauliza kama alianguka. Mama anafikiri kidogo. Mtoto gani asiyeanguka? Anajibu ndiyo, na hapo ndipo habari inapopotea njia. Inaandikwa kwamba mguu umeteguka, dawa ya maumivu inatolewa, na nyumbani anaitwa mzee anayejua kukanda. Baada ya majuma matatu paja limevimba, ngozi imetoboka na usaha unatoka.

Tunataka kueleza magonjwa ya mifupa na viungo ambayo hayatokani na kuanguka. Hayaonekani kila siku kama malaria, ndiyo maana yanapita mbele ya macho yetu bila kutambuliwa. Lakini mengi yanatibika, na tofauti kati ya mtoto atakayekimbia na yule atakayetembea na fimbo mara nyingi ni siku chache tu.

Tuanze na huo usaha. Vijidudu vinavyoleta majipu ya ngozi vinaweza kuingia katika damu kupitia jipu, upele au kidonda kidogo ambacho mtu amekwisha kukisahau. Vinakwenda kukaa kwenye ncha ya mfupa unaokua, hasa karibu na goti, mahali ambapo damu inatembea polepole. Nyama ikijaa usaha inavimba. Mfupa hauwezi kutanuka. Kwa hiyo usaha unabana mishipa midogo ya damu iliyo ndani, na kipande cha mfupa kinakosa damu na kufa. Mtoto ana homa, hakubali mguu uguswe, hataki kuukanyaga. Katika siku hizo za kwanza antibiotiki za kupitia mshipa, na pengine upasuaji mdogo wa kutoa usaha, vinaweza kumaliza jambo, ingawa dawa itaendelea kwa majuma kadhaa.

Hapa kuna mtego mmoja unaowapata hata wauguzi wazuri. Wanatuma mtoto apigwe radio siku ya tatu, picha inarudi safi, na wote wanatulia. Kumbe mabadiliko ya mfupa kwa kawaida hayaonekani katika picha kabla ya siku 10 hadi 14. Picha safi ya siku ya tatu haimwondolei mtoto ugonjwa. Mwenye homa na maumivu juu ya mfupa anatibiwa kama mwenye usaha mpaka ithibitike vingine. Na kama ni nyonga yenyewe iliyojaa usaha, mtoto amelala ameikunja na analia ukiinyoosha, basi haingoji Jumatatu. Usaha unakula gegedu la kiungo, na gegedu likiisha halirudi.

Familia ikichelewa, ugonjwa unakuwa sugu. Kile kipande kilichokufa kinabaki ndani kama mwiba, na dawa haikifikii kwa sababu dawa inasafiri na damu na pale damu haipo. Mwili nao unajitetea: unajenga mfupa mpya kukizunguka kilichokufa, kama ganda. Ndipo daktari anasema jambo linalowaudhi watu wengi: tungoje miezi kadhaa kabla ya kupasua. Tumesikia wazazi wakinung'unika kwamba anawazungusha, au anangoja walete pesa zaidi. Sivyo. Akikitoa kile kipande kabla ganda halijawa imara, mtoto anabaki na mguu usio na mfupa wa kuubeba. Kungoja huko ni sehemu ya matibabu.

Na wale wanaokanda? Hatuwaiti adui. Wako wazee wamefunga mikono iliyovunjika kwa vijiti, na mifupa ikaunga vizuri. Lakini homa inabadilisha kila kitu. Kukanda mguu wenye usaha kunaumiza bure, na mfupa uliokwisha kuoza unaweza kuvunjika mikononi mwa mkandaji. Kufunga kwa nguvu ni hatari nyingine: vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi, au mgonjwa akilia zaidi baada ya kufungwa kuliko kabla, bandeji ifunguliwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mkono mzima unaweza kufa kwa bandeji.

Kuna watoto ambao mifupa yao inauma tena na tena, leo mkono, mwezi ujao mgongo, macho yana manjano, damu haitoshi. Huku kwetu wengi wanasema ni mtoto wa SS, yaani ana ugonjwa wa selimundu. Chembe nyekundu za damu zinapinda kama mundu na kuziba mishipa midogo, na mfupa unaokosa damu unauma vibaya sana. Dalili ya kwanza mara nyingi ni mikono na nyayo za mtoto mchanga, baada ya miezi 6 hivi, kuvimba bila jeraha. Baadaye kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kufa na kubonyea ndani ya nyonga, na kijana wa miaka 17 anatembea kama mzee. Watoto hawa pia wanapata usaha wa mifupa kwa urahisi kuliko wengine, na kwao mara nyingi unaletwa na vijidudu vya salmonela, vya jamii moja na vile vya homa ya matumbo. Kwa hiyo dawa inayochaguliwa inaweza kuwa nyingine. Daktari asiyeambiwa kwamba mtoto ni SS anaweza kupigana na adui asiye yeye.

Nyumba nyingi zimevunjika kwa ugonjwa huu. Mama anashtakiwa kuwa mchawi, au ukoo wake unashtakiwa. Ukweli ni kwamba mtoto amepokea urithi kutoka pande zote mbili, kwa baba na kwa mama sawasawa. Wazazi wawili wanaobeba urithi huo bila kuumwa wana nafasi 1 kati ya 4, katika kila mimba, ya kupata mtoto mgonjwa. Tunawaomba wachungaji wanaotayarisha vijana kwa ndoa wawashauri wapime damu. Ni kipimo kidogo, nacho kinazuia mashtaka makubwa.

Mgongo una habari yake. Kifua kikuu hakikai katika mapafu peke yake. Kinaweza kuingia katika pingili za uti wa mgongo. Mgonjwa hakohoi, ndiyo maana hakuna anayefikiri kifua kikuu. Anapunguka uzito, anatoka jasho usiku, mgongo unauma kwa miezi, na siku moja mama anayemwogesha anagusa nundu iliyochomoza katikati ya mgongo. Daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779, lakini mpaka leo kuna familia zinazoamini kwamba kibiongo cha namna hii ni laana. Pingili za mbele zimeliwa na mgongo umeinama. Usaha au mfupa ukibana uti, miguu inapooza. Habari njema ni kwamba dawa zile zile za kifua kikuu zinauponya, mara nyingi kwa miezi 9 hadi 12, na wengi waliopooza wanarudi kutembea wakianza mapema. Nundu yenyewe ni vigumu kunyooka. Tunasema hivyo wazi ili mtu asiache dawa katika mwezi wa 4 akidai kwamba hazifanyi kazi kwa sababu nundu bado ipo.

Oicha ina haki ya pekee ya kuzungumza juu ya mifupa, kwa sababu ya ukoma. Daktari Carl Becker aliacha kazi yake huko Pennsylvania, Marekani, mwaka 1929 akaja Kongo na misheni ya AIM, na katika miaka ya 1930 akaanza kazi ya hospitali hapa, ukingoni mwa msitu. Maelfu ya wagonjwa wa ukoma walitibiwa Oicha, na katika miaka ya 1950 dawa za jamii ya salfoni zilianza kuwaponya kweli.

Wazee wetu walisema ukoma unakula vidole. Hauli. Ukoma unaua mishipa ya fahamu, na mtu anapoteza maumivu. Anashika sufuria ya moto na hasikii. Anakanyaga msumari na anatembea nao kutwa nzima. Vidonda vinaingia hadi kwenye mfupa, na mifupa ya vidole inafupika kidogo kidogo. Aliyefanya jambo hili lieleweke zaidi ni Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Vellore, India, tangu miaka ya 1940. Yeye alihamisha kano za mkono uliojikunja ili vidole viweze kufunguka tena, na akafundisha kwamba maumivu ni zawadi.

Mguu usiosikia unaweza pia kuvunjika ndani bila mwenyewe kujua. Kifundo kinavimba, kinakuwa na joto, unyayo unabadilika umbo, lakini mgonjwa anatembea kama kawaida na kila hatua inasaga mifupa zaidi. Jean-Martin Charcot, daktari wa Ufaransa, aliandika juu ya viungo vya namna hii mwaka 1868. Siku hizi tunataka hasa wenye kisukari wasikie habari hii, maana kisukari nacho kinaua fahamu za miguu. Mguu wao mwekundu, wa moto, usiouma sana, unadhaniwa kuwa na usaha au jongo tu. Dawa yake ya kwanza ni kuacha kuukanyaga: plasta iliyotengenezwa vizuri, kwa miezi, kisha viatu maalumu. Ni vigumu kumwambia mkulima asiukanyage mguu usiomuuma.

Na kuna kilema tunachokileta sisi wenyewe. Mtoto ana homa, anadungwa sindano ya kwinini tako moja, kesho tena, na sindano inaharibu mshipa mkubwa wa fahamu upitao pale. Mguu unaanguka, kidole gumba kinaburuta chini. Au msuli unaodungwa mara nyingi unageuka kuwa kovu gumu, na nyonga au goti halikunjiki tena. Hospitali ya Kumi, mashariki mwa Uganda, ambayo nayo ilianza kama makao ya wagonjwa wa ukoma, imepasua watoto wengi wenye makovu ya namna hii. Wazazi wengi wanadhani dawa isiyoingia kwa sindano si dawa. Mtoto anayeweza kumeza, ameze.

Kufika hospitali ni jambo lingine tena. Oicha iko karibu kilometa 30 kutoka mji wa Beni, lakini tangu mwezi wa 10 mwaka 2014, mauaji yalipoanza katika eneo la Beni, kilometa hizo si fupi. Ebola nayo, kuanzia mwezi wa 8 mwaka 2018 hadi mwezi wa 6 mwaka 2020, iliua watu zaidi ya 2,200 katika jimbo letu na majirani, na wengi waliogopa kumpeleka hospitali mtoto mwenye homa. Ndiyo maana tunawasihi viongozi wa makanisa: mtoto akiletwa kuombewa, naye ana homa na hakanyagi mguu, ombeni, kisha mtafute pikipiki siku ile ile. Mwambieni mzazi aeleze kwa utaratibu: maumivu yalianza lini, homa ilikuja kabla au baada, kuna anayekohoa nyumbani, mtoto amekwisha kukandwa au kudungwa. Maneno hayo yanamsaidia daktari kuliko picha mbovu.

Tumalize na watoto wanaozaliwa na mguu kifundo, nyayo zikitazamana. Karibu mtoto 1 kati ya 1,000 huzaliwa hivyo. Kwa njia ya Ignacio Ponseti, mguu unanyooshwa kwa mikono na kufungwa plasta kila juma, mara 5 au 6 hivi; kano ya kisigino inakatwa kidogo; kisha mtoto anavaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi 3, halafu usiku tu mpaka miaka 4. Wasipovaa, mguu unarudi ulivyokuwa. Familia zinazokimbia usiku zinabeba sufuria, blanketi na hati za shule, na viatu vile vinabaki chini ya kitanda. Viwekeni ndani ya mfuko ule ule wa hati.