Kuchagua Chuo kwa Mizani: Nasaha kwa Wazazi na Vijana wa Kisii na Nyamira

Matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, nyumba nyingi za Kisii na Nyamira hujaa furaha au majonzi kwa siku chache. Kisha hufuata kazi isiyokuwa na shangwe wala machozi, nayo ni kujaza orodha ya kozi na vyuo katika mtandao wa KUCCPS, shirika la taifa linalowateua wanafunzi wa kujiunga na vyuo vikuu na vyuo vya kati. Mara nyingi kazi hiyo humalizwa jioni moja katika saiba ya mjini, mzazi yuko nyumbani, na kijana anaandika walichoandika wenzake. Ilhali orodha hiyo fupi ndiyo itakayoamua miaka yake minne ijayo, na pengine riziki yake ya baadaye.

Makala haya yanawaelekea wazazi na vijana wa jamii yetu wanaoishi katika nchi ya Wagusii, pamoja na wale wa Pwani ambao watoto wao huenda wakateuliwa huko, zaidi ya kilomita 700 kutoka Mombasa.

Jua ulipo kabla ya kuchagua uendako

Katika mtihani wa mwaka 2024, watahiniwa 962,512 walipata matokeo yao. Waliopata alama ya wastani ya C+ (C jumlishi) na zaidi, ambayo ndiyo kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu, walikuwa 246,391. Kwa maneno mengine, kati ya kila vijana wanne, takriban watatu hawakufika kiwango hicho. Kozi za diploma kwa jumla huanzia C- (C kutoa), na zile za cheti huanzia D wazi. Basi swali la kwanza nyumbani lisiwe “utakwenda chuo kikuu gani?” bali “alama hizi zinafungua milango ipi?”

Alama ya wastani si alama ya kozi

Wazazi wengi huitazama alama ya wastani peke yake. Kumbe ushindani wa kila kozi ya shahada hupimwa kwa alama za klasta, yaani uzito wa masomo manne yanayohusiana na kozi hiyo, ukichanganywa na jumla ya masomo saba. Kiwango cha juu kabisa ni 48.

Tuchukue mfano wa binti wa kubuni kutoka mjini Kisii mwenye B wazi. Ana pointi 11 katika Kiswahili, 11 katika Elimu ya Dini ya Kiislamu, 10 katika Kiingereza, 10 katika Historia, 8 katika Biolojia, 7 katika Kemia na 6 katika Hisabati. Jumla ni 63 kati ya 84. Kwa kozi ya lugha na jamii, inayohesabu Kiswahili, Historia, Dini na Biolojia, ana pointi 40 kati ya 48. Kanuni ya makadirio izoeleka yo shuleni humpa klasta ya 37.9 hivi. Kwa kozi ya afya, inayohesabu Biolojia, Kemia, Hisabati na Kiswahili, ana pointi 32 tu, na klasta yake hushuka hadi 33.9. Binti ni yule yule na B ni ile ile, lakini nafasi zake ni mbili tofauti.

Hayo ni makadirio. Alama rasmi za klasta kwa kila kozi huonekana mwanafunzi anapoingia katika mtandao wa KUCCPS, na hizo ndizo za kutegemewa. Pia kuna masharti ya somo moja moja. Sheria, kwa mfano, hudai B wazi katika Kiingereza au Kiswahili. Anayekosa sharti hilo hataokolewa na klasta kubwa.

Ngazi tatu za orodha

Mtandao huo huonyesha pia alama za mwanafunzi wa mwisho aliyeingia kila kozi mwaka uliotangulia. Alama hizo hazipangwi na chuo kabla ya wakati. Hutokana na idadi ya nafasi na nguvu za waliozigombea. Kwa hiyo hupanda na kushuka, nazo ni dalili, si ahadi. Kozi ile ile inaweza kuwa na kiwango cha juu Nairobi na cha chini kidogo kwingineko.

Orodha yenye mizani hujengwa kwa ngazi tatu. Ya juu ni kozi ambayo kiwango chake cha mwaka jana kinakuzidi kidogo. Chagua moja, au mbili zikizidi. Ya kati ni zile zinazokaribiana na alama zako, na hizi ndizo ziwe nyingi. Ya chini ni kozi ambayo alama zako zinaizidi kwa nafasi ya kutosha. Binti wetu mwenye 37.9 ataiona kozi ya 40 kuwa ya juu, za 36 hadi 38 kuwa za kati, na ya 33 kuwa ya hakika.

Ngazi hii ya chini ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Wengi huijaza kwa kozi yoyote ili nafasi isibaki wazi, kisha huteuliwa huko huko. Uhamisho upo, lakini hutegemea nafasi iliyobaki na alama za kozi unayoitaka. Wahenga walitwambia tusiache mbachao kwa msala upitao. Na mbachao wenyewe uwe ule ambao ungekubali kuukalia. Usiandike kozi ambayo hungeisoma kwa moyo.

Chuo cha kati si adhabu

Chuo Kikuu cha Kisii chenyewe kilianza mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi. Mwaka 1994 kikawa bewa la Chuo Kikuu cha Egerton, na mwaka 2013 kikapata hati yake kamili. Kilipanda daraja kwa daraja, na kijana naye aweza kupanda hivyo. Taasisi ya Kitaifa ya Ufundi ya Kisii, mabewa ya KMTC ya Kisii na Nyamira, na Taasisi ya Ufundi ya Ekerubo Gietai hutoa kozi zenye kazi mkononi. Binti wetu akiutaka uuguzi kuliko jina la shahada, diploma ya KMTC, ambayo huhitaji C wazi pamoja na masharti ya masomo, yaweza kumfaa kuliko shahada asiyoipenda.

Ada izungumzwe mapema

Tangu mwaka 2023, ufadhili wa serikali hugawanywa kati ya skolashipu, mkopo na mchango wa familia, kwa kuzingatia uwezo wa kaya. Skolashipu hairejeshwi. Mkopo wa HELB hurejeshwa, tena kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, jambo ambalo familia ya Kiislamu haina budi kulijadili na kumuuliza mwenye elimu kabla ya kuchagua kozi ya gharama kubwa, si baada ya barua kufika.

Wakulima wa chai nao wakumbuke kwamba bonasi hulipwa karibu na mwezi wa Oktoba, ilhali vyuo vikuu hupokea wanafunzi wapya Agosti au Septemba. Nauli, kodi ya chumba na chakula cha miezi hiyo havingoji bonasi.

Basi, ndugu mzazi, keti na mwanao mara mbili kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho. Mara ya kwanza msikilize anachokipenda. Mara ya pili mpime pamoja alama na gharama, na mwiteni mwalimu wake iwapo kuna lisiloeleweka. Kisha pitieni orodha kutoka juu hadi chini, na kwa kila kozi mwulize: “Ukiteuliwa hii, utakwenda kwa furaha?” Akisita, futeni, mtafute nyingine. Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya kheri.