Moto Ndio Unaopima

Wapendwa, sisi wa Lubumbashi tunajua moto. Tanuru la shaba liliwashwa hapa mwaka 1911. Shaba inayeyuka kwa digri 1,085, lakini matofali ya ndani yanasimama.

Kule Fukushima, Japani, mwaka 2011, tsunami ilizima umeme wa kupoza mitambo ya atomu. Mabomba ya zirkoni yaliyofunika urani, madini kama ya Shinkolobwe yetu, yaliwaka sana, yakatoa hidrojeni katika mvuke. Majengo yakapasuka, watu zaidi ya 100,000 wakaacha nyumba zao.

Basi wataalamu wanapima seramiki, ndugu ya matofali yale, katika mvuke wa kupita digri 1,200, mbele ya kuitumainia.

Vijana, Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba kazi ya mjenzi itapimwa kwa moto. Tujipime leo, tusingoje ajali.