Fungu la Chombo: Mashua ya Familia katika Visiwa vya Lamu

Katika visiwa vya Lamu, mwaka wa mwenye mashua huendeshwa na pepo mbili zinazotokana na tofauti ya joto kati ya bara la Asia na Bahari ya Hindi: kaskazi, unaovuma kutoka kaskazini-mashariki takriban Desemba hadi Machi, nchi kavu ya Asia inapopoa, na kusi, unaovuma kutoka upande wa kusini kuanzia Aprili hadi Septemba, nchi hiyo inapopata joto na kuvuta hewa ya baharini. Mwaka wa mwezi, ulio pungufu kwa siku 11 hivi, hauwezi kufuatana na misimu hiyo, na ndiyo maana mabaharia wa kale walihesabu siku 365 tangu Nairuzi, siku ya kwanza ya mwaka wa jua, wakizigawa katika miongo ya siku kumikumi ili nahodha ajue wakati wa kutweka tanga na wakati wa kufunga.

Kusi huingia pamoja na mvua za masika, na bahari kuu huchafuka kiasi cha kuzuia safari ndefu, ingawa maji yaliyokingwa na visiwa vya Manda na Pate hubaki na utulivu wa kutosha kwa shughuli za jirani. Huo ndio wakati wa kukitunza chombo. Husubiriwa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, mashua ikapelekwa ufukweni maji yakiwa juu na kuachwa pakavu yanapotoka. Kisha mafundi huikalafati kwa kusindilia pamba yenye mafuta katika nyufa za mbao, na sehemu inayozama hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaowazuia viumbe wa baharini wanaotoboa mbao. Kazi hii haiahirishiki, kwa kuwa mbao iliyokwisha kutobolewa haina dawa ila kung'olewa.

Upepo haulipiwi, lakini mbao, misumari, kamba na kitambaa cha tanga hulipiwa kila mwaka, na hapo ndipo ilipo hekima ya fungu la chombo: mapato yakishatolewa gharama za safari, mashua yenyewe hutengewa sehemu yake kama mtu, kando ya mafungu ya nahodha na mabaharia. Mwenye chombo anapofariki, warithi hawawezi kukata mashua vipande, hivyo humiliki hisa na kugawana mapato, na mara nyingi fungu linaloliwa kwanza ni hilo lisilo na mdomo wa kulalamika. Familia inayolila kwa misimu kadhaa huishia kuuza mlingoti na foromali, boriti ndefu inayobeba tanga, kisha kulipa nauli katika chombo cha jirani.