Te Quiero? Angalia Unamwambia Nani!

Kama ni mtu wa tamthilia za Mexico basi unajua: hazipiti dakika mbili bila mtu kuitwa *mi amor*, yaani "mpenzi wangu". Na sisi tukaiga. Meseji ya usiku kwa mtu wako, unamalizia na *te amo*. Safi sana, lakini uzito wake unaujua?

Nakutaka au nakupenda?
*Te quiero*, neno kwa neno, ni "nakutaka". Mwambie hivyo binti wa Chumbageni kwa Kiswahili uone kama hujasonywa! Lakini kwa Mhispania ni maneno ya upole. Mama humwambia mwanawe, shoga humwambia shogaye, na wapenzi wengi huanzia hapo. *Te amo* ndiyo nzito. Wengi humwekea yule wa moyoni hasa. Ukiitoa wiki ya kwanza, mwenzio atajiuliza unakimbilia wapi.

Mke na pingu
*Esposa* ni mke. Wakiwa wengi ni *esposas*, na neno hilohilo ndilo pingu za polisi. Waume, msicheke sana!
Tamu zaidi ni *mi media naranja*, "nusu ya chungwa langu", yaani mwenza anayekukamilisha. Watu wa Muheza, kwenye machungwa yao, hawahitaji kufafanuliwa hapo.

Mengine unayo nyumbani
Wareno walianza kujenga Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1593, wakati mfalme mmoja akitawala Ureno na Hispania. Waomani wakaiteka mwaka 1698, lakini maneno yakabaki. Meza na bendera tumezipata kwa Wareno, na kwa kuwa lugha hizo ni ndugu, Mhispania naye anasema *mesa* na *bandera*.
Na kopa je, ile ya kwenye karata, tunayoichora pia kwenye kadi za wapendanao? Ni *copas*, vikombe! Karata za Kihispania hadi leo zina picha ya kikombe pale zetu zinapokuwa na moyo.

Kabla hujatuma
Mueleze mwenzio unamaanisha nini, hasa kama ndiyo kwanza mnaanza. Wawili wakisoma meseji moja, mmoja akaona utani na mwingine akaona ndoa, hapo kuna mtu ataumia. Na ukibanwa, "nakupenda" ipo, haihitaji mkalimani.